Maisha ya Kukopa

Mkicheza Contra wawili na laifu zako zote tatu zikaisha, kaseti yetu haikukufukuza. Kama mwenzako alikuwa bado na akiba, ulibonyeza kitufe cha A na laifu yake moja ikawa yako. Ulidondoka kutoka juu ya skrini, bunduki mkononi, ukaendelea kukimbia kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwenzako hakuulizwa chochote. Hesabu yake ilipungua kimyakimya, na mara nyingi aligundua siku ya kuzihitaji.

Nimekuwa nikiirudia gemu hii tangu Desemba, na kati ya vitu vyote vilivyomo, kitufe hicho ndicho kinachonisumbua. Risasi nilishazizoea.

Tuanze na hilo neno, laifu. Kiswahili hakina maisha ya mmoja mmoja. Huwezi kusema "isha moja". Maisha ni maisha, yanakuja kwa wingi kama maji na maziwa. Kwa hivyo sisi watoto wa Kibugu, tulioongea Kiembu nyumbani na Kiswahili tukikaribia shule, tulilazimika kuokota neno la kuhesabika. "Nikope laifu moja?" Hadi leo sijui ningeiulizaje kwa Kiswahili sanifu.

Contra ni gemu ya kukimbia na kupiga risasi. Wanaume wawili vifua wazi, Bill na Lance, wanatoka kushoto kwenda kulia wakimaliza kila kinachosogea. Risasi moja ikikugusa, umekufa. Konami ya Japani iliitoa mwaka wa 1987 kwa mashine za kutumbukiza sarafu, na mwaka wa 1988 ikaingia kwenye kompyuta ya Nintendo. Naiita kompyuta kwa sababu ndivyo ilivyobatizwa ilipotoka Japani Julai 1983: Family Computer, kompyuta ya familia. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 2. Meme moja unayotumiwa kwenye WhatsApp ingejaza makumi ya mashine kama hizo.

Ya kwetu haikuwa Nintendo. Ilikuwa ile bandia ya plastiki nyepesi ambayo ukiifungua unakuta kibao kidogo chenye tone jeusi katikati, na ndani ya hilo tone ndimo kompyuta nzima ya miaka ya themanini ilimokaa. Mjomba aliinunua Luthuli Avenue mwaka wa 2008. Kaseti ya manjano ilidai kuwa na gemu 9999, ukizihesabu vizuri ni kama saba, zingine ni zile zile zikianzia mahali tofauti. Tuliiunganisha na Great Wall ya inchi 14, ile ya nyeusi na nyeupe, na hapa ndipo mambo yalianza kuwa magumu. Bill ana suruali ya bluu na Lance ana nyekundu. Kwenye Great Wall zote mbili ni kijivu. Risasi zikizidi ulikuwa unaruka juu, chini, kushoto, ili ujue wewe ni yupi. Mara kadhaa nimemlilia ndugu yangu mkubwa kwamba nimekufa, kumbe aliyekufa ni yeye.

Ukitaja gemu za bunduki mbele ya watu wazima, swali la maadili wanalolifikia haraka ni la kuua. Ulaya walilichukulia kwa uzito. Kule, Contra iliuzwa kwanza kwa jina Gryzor; kampuni ya Ocean ya Manchester iliitoa kwa Commodore 64, ZX Spectrum na Amstrad, zile kompyuta za nyumbani za enzi hizo. Kisha ilipofika zamu ya Nintendo, mwaka wa 1990, waliibadilisha jina tena ikawa Probotector, na watu wote wakageuzwa roboti. Bill na Lance roboti, maadui roboti. Ujerumani ilikuwa na sheria kali kuhusu watoto na picha za kuua watu, na roboti si mtu. Gemu ni ile ile, vidole vinafanya kazi ile ile, dhamiri imeoshwa kwa kubadilisha mchoro.

Sidharau hilo swali. Ila kwenye ile sebule yetu hakuna aliyewahi kuuliza tunamuua nani. Tulichogombania usiku kucha ni kwamba tunatumia laifu za nani.

Ndugu yangu alinizidi miaka minne na ndiye aliyetunga sheria: lazima uombe kwanza. Gemu iliruhusu kuchukua, yeye akasema kwetu kuchukua bila kuomba ni wizi. Nilikuwa na miaka tisa na niliiona hiyo kama sheria ya mtu anayejua kucheza, iliyotungwa dhidi ya mtu asiyejua. Sasa naona ilikuwa ya ajabu zaidi ya hapo, kwa sababu hakuwahi kukataa hata mara moja. Niliomba, akanung'unika, akasema "kopa." Laifu zake zikaisha kwa sababu yangu. Nami niliijua vizuri laifu ya kukopa inavyokuja: ile bunduki ya S inayorusha risasi tano kama feni hurudi nayo kaburini, unadondoka na bunduki ya kawaida kabisa, mahali penye moto, ukiwa na uwezekano mkubwa wa kufa tena ndani ya sekunde kumi. Alikuwa anajua hivyo pia. Alikuwa anatoa akijua.

Kwa nini basi aombwe, kama jibu ni lile lile?

Kwenye chuo, kabla sijaacha, kulikuwa na somo la lazima la falsafa, na ndani yake nilikutana na David Hume, Mskoti. Mwaka wa 1751 alieleza kwamba haki ina kazi pale tu ambapo vitu si tele na wala si haba kupita kiasi. Kila mtu akiwa na kila kitu, nani atahangaika kusema hiki changu, hicho chako? Na meli ikizama, hakuna anayeuliza ubao ni wa nani kabla ya kuushika. Haki inaishi katikati, kwenye uhaba wa wastani. Wengi darasani walikuwa wanachati. Mimi nilikuwa nafikiria laifu tatu.

Desemba niliipima hoja ya Hume, tena bila kukusudia. Kuna ule mfululizo maarufu wa vitufe: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Ulitungwa na Kazuhisa Hashimoto wa Konami alipokuwa akiiandaa Gradius kwa ajili ya Family Computer, mwaka wa 1986. Gemu ilimshinda, naye alitakiwa kuijaribu hadi mwisho, basi akajiwekea mlango wa nyuma, na huo mlango ukabaki wazi gemu ilipotoka. Kwenye Contra unakupa laifu 30. Utoto wetu wote hatukuujua. Nilipoujua niliupeleka ushago kama zawadi, nikaubonyeza mbele ya ndugu yangu kwa madoido, na tukamaliza leveli zote nane usiku mmoja: msitu, kambi, maporomoko, theluji, mpaka kwenye lile tumbo la mwisho lenye moyo unaodunda.

Tulimaliza na hatukuwa tumeongea. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyenung'unika, hakuna aliyesema kopa. Nilikufa nadhani mara kumi na tano na hakuna hata kifo kimoja kilichomhusu mtu. Tulizima, yeye akaenda kulala.

Sasa nielezee ni kwa nini jambo hili ni zito kwangu, maana najua kuna msomaji anasema huyu msee anafanya falsafa na kaseti ya mchina.

Kibugu iko juu ya mji wa Embu, ukipanda kuelekea msitu wa Mlima Kenya, pale kahawa inapoanza kupokezana na majani chai. Karo ya shule kwetu inafuata kalenda ya mimea. Kuna malipo ya kahawa, yanayokuja yakipenda, na kuna bonasi ya chai mwezi wa Oktoba. Ndugu yangu alimaliza kidato cha nne mwaka ule ule mimi nilimaliza darasa la nane. Alama zake zilimtosha kuingia diploma. Bonasi ya mwaka huo ilitosha mmoja. Mimi nikaingia kidato cha kwanza shule ya bweni; yeye akaanza kuendesha pikipiki ya mtu, akipeleka hesabu kila jioni.

Nani alibonyeza A hapo? Mimi sikuomba. Nilikuwa na miaka kumi na nne, nilinunuliwa sanduku la bati na godoro, nikapanda gari. Yeye naye, nijuavyo, hakusema kopa. Kilichotokea kilitokea mezani, kati ya watu wazima wawili na kipande cha karatasi chenye hesabu, na laifu ikahama upande mmoja kwenda mwingine. Sheria yetu ya kuomba, ile tuliyoishika miaka yote mbele ya Great Wall, haikutumika siku iliyokuwa na maana kuliko zote.

Kisha mwaka wa 2018 nikaitwa chuo kikuu, na ikaja harambee. Unajua zinavyokwenda. Hema, viti vya plastiki, mchungaji anayejua kuchekesha, kuku anapigwa mnada, aliyemnunua anamrudisha apigwe tena. Jina lako linasomwa kwa spika pamoja na kiasi: "mia mbili, yeye na marafiki zake!" Mama aliandika kila jina kwenye kaunta buku. Wengine shilingi hamsini. Hicho kitabu kipo hadi leo kabatini, kimefungwa kwenye karatasi ya nailoni kama hati ya shamba.

Mwaka wa tatu niliacha. Sikufukuzwa na sikufeli. Nilikuwa nimeanza kulipwa kwa kuandika, kozi ilikuwa inanilia siku na haikuwa inanipeleka popote nilipotaka kwenda. Sijutii, na hii si insha ya majuto. Lakini siku moja pale sokoni mzee mmoja, jirani, aliniuliza kwa upole kabisa: "Sasa ile digrii yetu imefika wapi?"

Yetu. Nilitembea na hilo neno mpaka nyumbani.

Rafiki zangu wa Nairobi wana jibu tayari. Zawadi ni zawadi, wanasema. Kama alitoa akitarajia kitu, huo ulikuwa uwekezaji na angesema mapema. Ni jibu safi na linapendeza kwenye Twitter. Shida ni kwamba mimi ninayo madeni safi ya kulinganishia. HELB wananidai. Riba asilimia 4 kwa mwaka, ukizembea faini ya shilingi 5,000 kila mwezi, na siku nitakayomaliza watanipa cheti cha kusema hatujuani tena. HELB hawajawahi kuniuliza digrii imefika wapi. Hawajali kama nimekuwa daktari au mwizi, mradi walipwe. Kuna pia ngwatio, ile kazi ya kupokezana ya watu wa mlimani: leo mnalima kwangu, kesho kwako, siku kwa siku, na anayekosa zamu anajulikana. Hiyo nayo ni safi kwa njia yake. Mkimaliza kuzunguka, mko sawa.

Harambee haiko sawa hata siku moja. Yule mzee hana mtoto wa kusomesha; mtoto wake wa mwisho alishaolewa. Hakuna siku nitakayolima kwake. Shilingi zake mia mbili hata nikimrudishia na riba ya HELB zitamtukana. Kwa hivyo alipouliza hakuwa anadai pesa, hilo nina hakika. Alikuwa anadai nini?

Hapa ndipo nikarudi kwenye kile kitufe. Laifu uliyokopa kwenye Contra inadondoka kwenye skrini ile ile. Huwezi kuibeba ukaenda nayo chumba kingine. Mwenzako anakuona unavyoitumia: ukiichoma kwa upuuzi anaona, ukimuokoa nayo anaona, ukiingia kwenye risasi kwa bahati mbaya mnacheka. Ndiyo maana ndugu yangu aliweza kutoa kila mara akinung'unika tu. Alipata kutazama. Laifu ya harambee inadondoka mbali, Nairobi, Eldoret, Qatar, kwenye skrini ambayo waliochanga hawana. Wanapata habari moja tu mwishoni, siku ya gauni na kofia, na picha ya kuweka ukutani. Ukiacha chuo, hata hiyo moja haiji. Kwao ni kama mtu alibonyeza A akatoweka.

Kwa hivyo siamini kwamba mzee ana haki ya kunichagulia kozi. Hapo nasimama na rafiki zangu. Lakini nadhani ana haki ya kuona, na hiyo haki haikwishi kwa sababu niliyoyafanya sio aliyoyategemea. Nilirudi kwake nikamsomea kitu nilichokuwa nimeandika kuhusu bei ya kahawa. Alisikiliza hadi mwisho, akanikosoa mahali pawili ambapo nilikuwa nimechanganya mbuni na parachment, akanyamaza. Wiki iliyofuata alikuja na karatasi: anataka barua kwa chama cha ushirika kuhusu malipo yake. Nimeshamwandikia mbili. Bado anasema digrii yetu, lakini sasa anaitamka akicheka kidogo, au labda ni mimi nataka kusikia hivyo.

Ya ndugu yangu ni ngumu zaidi na sijaimaliza.

Contra ina kanuni mbili kuhusu watu wawili wasioenda kwa mwendo mmoja. Kwenye msitu wa leveli ya kwanza, mmoja akibaki ukingoni nyuma, skrini inakataa kusogea. Wa mbele analazimika kusimama, anarukaruka pale akipigwa risasi, akimngoja mwenzake. Leveli ya tatu ni maporomoko ya maji. Mnapanda. Hapo kanuni inageuka: skrini inamfuata aliye juu, na ukingo wa chini ukimfikia aliye nyuma, amekufa. Hakuna adui aliyemgusa. Amekufa kwa sababu mwenzake amepanda.

Usiku uliofuata ule wa laifu 30 nilimwambia tucheze bila ujanja, tatu kwa tatu. Kwenye maporomoko nilipanda haraka kuliko nilivyopaswa. Vidole vyangu vina mazoezi ya simu, vyake vina mazoezi ya klachi. Akafa mara mbili ukingoni, ya tatu mawe yakamwangukia. Mimi nilikuwa bado na mbili kwenye akiba. Nikamwambia, "Kopa."

Akasema, "We endelea. Nitatazama."

Marcel Mauss, Mfaransa aliyeandika kuhusu zawadi mwaka wa 1925, anasema kuna wajibu wa kutoa, wa kurudisha, na pia wa kupokea. Anayekataa kupokea anakataa undugu wenyewe. Nimeifikiria sana hiyo. Inawezekana ndugu yangu alikuwa ananiambia kwamba laifu yake haitarudishwa kwa vipande vidogo hivi, sebuleni, kirahisi. Inawezekana alitaka kilicho chake, yaani kuona. Inawezekana pia alikuwa amechoka, maana alikuwa barabarani tangu saa kumi na moja alfajiri na baridi ya Kibugu haina huruma. Nilitaka kumuuliza kuhusu ile bonasi, kama kuna mtu alimuomba, na kama angekataa. Nilikuwa na swali mdomoni na pedi mkononi. Nikaendelea kucheza kwa sababu alisema niendelee, yeye akasogeza kiti karibu na Great Wall, akawa ananiambia risasi zinatoka wapi. "Juu. Juu yako. Ruka." Nikafika kambi ya pili nikafia hapo.

Siku iliyofuata Mama alikuwa ametoa ile kaunta buku. Kuna msichana wa jirani ameitwa chuo, harambee ni mwezi wa nane, na Mama anaweka hesabu mapema. Ukurasa mpya, mistari iliyopigwa kwa rula. Jina lake liko la kwanza, shilingi mia tano. La pili ni langu, shilingi elfu mbili, kwa wino ule ule.

Hakuwa ameniuliza. Nilimuuliza namba ya mweka hazina ni ipi.